Kwa Nini Makumbusho ya Kongo Yako Tervuren, Si Brussels

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Mpanda. Mpwa wangu anasoma Leuven, Ubelgiji, na juzi alinitumia picha za kamji kanaitwa Tervuren: mabwawa yenye bata, watu wanakimbia na mbwa wao, na mbele ya mabwawa hayo jumba kubwa mno la makumbusho ya Afrika. Ananiambia ni manispaa ndogo tu ya Waflamandi, yaani Wabelgiji wasemao Kiholanzi. Sisi huku tumekua tukisikia habari za Wabelgiji wa kwanza waliofika Karema, kwenye ufuo wetu wa Ziwa Tanganyika. Kwanza, mji huo ulikuwa nini kabla ya mambo ya Kongo? Pili, kwa nini jumba likajengwa huko na si Brussels penyewe? Tatu, kuna chochote cha upande wetu wa ziwa kilichoishia humo?

JIBU: Mwalimu, nianze na swali lako la pili, maana likishajibiwa hayo mengine mawili yanafuata bila taabu. Jumba liko Tervuren kwa sababu ardhi ile ilikuwa mikononi mwa watawala karne nyingi kabla Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, hajazaliwa. Ndani ya Brussels angelazimika kuvutana na madiwani na wenye nyumba. Tervuren kulikuwa na bustani ya kifalme, mabwawa yaliyokwisha kuchimbwa, msitu mkubwa ubavuni, na kiwanja kilichobaki kitupu baada ya nyumba ya kifalme kuungua. Mambo yote makubwa yaliyoupata mji huu, ya fahari na ya aibu, yalipita kwenye kiwanja hicho. Wenyeji walizoea tangu zamani kuona mkubwa anakuja na shughuli yake, anajenga, anabomoa, anaondoka.

Mpwa wako hajakosea kuuita mdogo. Manispaa nzima ina wakazi kama 22,000, idadi ambayo kata moja ya Dar es Salaam inaipita bila jasho. Iko mkoa wa Vlaams-Brabant, mashariki mwa Brussels, na tangu 1977 inajumuisha pia vijiji vya Duisburg na Vossem. Lugha rasmi ni Kiholanzi, na mbao za barabarani ni za Kiholanzi, ingawa ukikaa kwenye mgahawa utasikia Kifaransa na Kiingereza kwa wingi, kwa sababu maofisa wa Umoja wa Ulaya na familia zao wamehamia huko kwa ajili ya hewa safi na shule za kimataifa. Jambo hilo linawakera baadhi ya Waflamandi, ambao wanaona maeneo yanayoizunguka Brussels yanamezwa na Kifaransa polepole. Usishangae ukikuta jina limeandikwa Tervuren mahali pamoja na Tervueren mahali pengine. Hiyo ya pili ndiyo wanayoipenda wasemao Kifaransa.

Sasa turudi nyuma kabisa. Mto mdogo uitwao Voer unaanzia huko, unateremka hadi Leuven, na hapo unaingia mto Dijle. Msitu unaopakana na mji ni Zoniën, ambao leo una zaidi ya hekta 4,000, na baadhi ya sehemu zake ziliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017. Penye maji na msitu hapakosi wanyama, na penye wanyama walifuata wakubwa na mbwa zao. Masimulizi ya mji yanaanza na Hubert, askofu wa Liège, aliyefariki mwaka 727 mahali palipoitwa Fura. Wenyeji wanashikilia kwamba Fura hiyo ndiyo Tervuren. Hubert baadaye akafanywa mtakatifu msimamizi wa wawindaji. Hadithi yake wanaijua hata watoto: alikuwa akiwinda siku takatifu, akamwona paa dume mwenye msalaba uking'aa katikati ya pembe zake, akaacha uwindaji na dunia yake. Mwaka 1617 Albert na Isabella, waliokuwa wakitawala nchi hizo kwa niaba ya ufalme wa Hispania, walimjengea kikanisa ndani ya bustani. Bado kipo, kidogo, kimejificha kwenye miti.

Watawala wa Brabant, dola ya kale iliyokuwa na Brussels na Leuven ndani yake, walikuwa na kasri yao hapo, imezungukwa na maji. Watatu wao walizikwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, kanisa la parokia ya mji. Mmoja wao, Antoine, ana kisa ambacho wanafunzi wako watakipenda. Mwaka 1415 Wafaransa na Waingereza walipambana Agincourt. Antoine alichelewa, akafika na watu wachache, hana hata vazi lake la vita lenye alama za ukoo. Inasimuliwa kwamba alichukua bendera iliyoning'inia kwenye tarumbeta ya mpiga mbiu wake, akaitoboa tundu, akapitisha kichwa, akaingia vitani hivyo hivyo. Waingereza walimkamata, na kwa kuwa mavazi yake hayakumtambulisha kuwa ni mtu mkubwa wa kulipiwa fidia nono, akauawa pamoja na mateka wengine. Maiti yake ikarudishwa Brabant na kuzikwa Tervuren. Likumbuke kanisa hilo, tutalirudia.

Karne ya 18 nchi ilikuwa chini ya Austria, na gavana wake, Charles wa Lorraine, aliipenda Tervuren kuliko mahali pengine popote. Aliitengeneza bustani, akajenga mazizi ya farasi yenye umbo la kwato, na akafia huko mwaka 1780. Miaka miwili baadaye Kaisari Joseph wa Pili, mtu wa kubana matumizi, akaamuru kasri yote ibomolewe. Mazizi yalisalimika, na leo ndiyo kumbukumbu kubwa iliyobaki ya enzi hizo.

Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, eneo likapewa mwanamfalme wa Uholanzi, Willem, kama zawadi kwa kuwa alijeruhiwa akipigana na Napoleon. Naye akajenga jumba jeupe la kupumzikia. Wabelgiji walipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, jumba likaangukia upande wa Ubelgiji, na hatimaye likakaliwa na Charlotte, dada yake Leopold wa Pili. Huyu mama ni yule aliyekuwa malkia wa Meksiko kwa muda mfupi. Alirudi Ulaya mwaka 1866 kumtafutia mumewe, Maximilian, msaada, akili zikavurugika, na mwaka 1867 Maximilian akapigwa risasi na Wameksiko. Mwaka 1879 jumba likateketea kwa moto. Charlotte akahamishiwa kasri nyingine, na kiwanja kikabaki kitupu. Hicho ndicho kiwanja nilichokutajia mwanzo.

Katikati ya habari hizi za wakubwa, kuna kundi moja lililokuja Tervuren bila kutumwa na mtawala. Ni wachoraji. Miaka ya 1860 Hippolyte Boulenger na wenzake waliacha studio za mjini, wakaenda kupanga vyumba huko na kuchora msitu, njia za matope na anga la mawingu wakiwa nje, mbele ya kitu chenyewe. Boulenger ndiye aliyeanza kuliita kundi hilo shule ya Tervuren. Alikufa mwaka 1874 akiwa na miaka 36 tu. Kwa maoni yangu ni urithi unaostahili kujulikana zaidi kuliko unavyojulikana, lakini mgeni akisikia Tervuren hafikirii wachoraji.

Anafikiria 1897. Mwaka huo Brussels iliandaa maonyesho ya kimataifa, na Leopold akaamua kwamba sehemu ya Kongo iwekwe Tervuren. Kongo wakati huo haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa dola yake binafsi, na utomvu wa mpira uliogemwa msituni ulikuwa umeanza kumlipa. Alikuwa anahitaji Wabelgiji waliokuwa na mashaka waone faida kwa macho. Ikakatwa barabara pana ya karibu kilomita 10 kutoka mjini hadi Tervuren, ikajengwa njia ya tramu, na juu ya kiwanja cha jumba lililoungua likasimamishwa Jumba la Makoloni. Ndani yake mafundi wa mtindo mpya wa wakati ule walipinda mbao za Kongo zikawa nguzo na matao kama mizabibu inayotambaa, na wachongaji wakapewa pembe za ndovu bure ili wazitie thamani. Kulikuwa na kahawa, kakao, tumbaku, na rundo la mpira. Waliokuja kutazama walizidi milioni moja.

Na walileta watu. Wanaume, wanawake na watoto 267 kutoka Kongo walisafirishwa kwa meli hadi Antwerp, wakapelekwa Tervuren. Wengine walikuwa askari wa jeshi la Leopold, wengine walikuwa wa kukaa kwenye vijiji vya makuti vilivyojengwa kando ya mabwawa, yale yale ambayo mpwa wako amekupigia picha zake. Mchana walitakiwa wapike, wapige ngoma, wapige makasia kwenye mitumbwi, huku Wabelgiji wakitazama kutoka nyuma ya uzio. Usiku walilala mazizini. Watazamaji waliwarushia peremende na vyakula hadi baadhi yao wakaugua matumbo, na wasimamizi, badala ya kuwafukuza watazamaji, wakaweka kibao kusema kwamba hawa weusi wanalishwa na kamati. Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa ya baridi na mvua.

Saba walikufa. Majina yao, kwa tahajia inayotumika sana siku hizi, ni Sambo, Mpemba, Ngemba, Ekia, Nzau, Kitukwa na Mibange. Ukikuta hati imeandika Gemba au Zao, ni hao hao, kwani makarani waliandika walivyosikia. Mwanzoni walizikwa pembeni, kwenye sehemu isiyobarikiwa. Baadaye mabaki yakasogezwa hadi ubavuni mwa kanisa la Mtakatifu Yohane, yakawekewa mawe saba yaliyolala mstari mmoja. Kwa hiyo ndani ya kanisa wamelala watawala watatu wa Brabant, na nje, ng'ambo ya ukuta ule ule, wamelala Wakongo saba. Mtu akiniuliza urithi wa Tervuren uko wapi hasa, namwelekeza hapo kabla ya makumbusho. Ni mwendo mfupi kwa miguu, na hakuna kiingilio.

Maonyesho yalifana mno kiasi kwamba mwaka uliofuata jumba likafanywa makumbusho ya kudumu. Punde likajaa. Leopold akamwita Charles Girault, msanifu Mfaransa aliyejenga Petit Palais la Paris, ajenge jingine kubwa zaidi. Ujenzi ukaanza 1904, ukalipwa kwa fedha za Kongo. Alipanga pia shule ya kimataifa na mambo mengine mengi hapo hapo, ila mauti yalimkuta Desemba 1909, na jumba likafunguliwa Aprili 1910 na mrithi wake, Albert wa Kwanza. Leopold hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Hata hivyo ukizunguka jengo hilo utaona herufi L mbili zilizopeana mgongo zimechongwa kila kona.

Urithi mwingine wa Leopold hapo hauzungumzwi sana: bustani ya miti iliyoanzishwa 1902, ambamo miti imepandwa kwa kufuata ramani ya dunia. Unatembea dakika chache umetoka Amerika ya Kaskazini yenye miti mikubwa sana umeingia Asia. Ni nzuri kweli. Sioni haja ya kujifanya si nzuri kwa sababu ya aliyeianzisha.

Tufike kwenye swali lako la tatu, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Unajua kwamba Leopold aliingilia Afrika kwa mlango wa kwetu. Mwaka 1876 aliitisha mkutano wa wanajiografia Brussels na kuunda jumuiya ya kimataifa ya Afrika, kwa maneno ya sayansi na kupinga utumwa. Misafara yake ya kwanza ilitokea Zanzibar na Bagamoyo, si mdomo wa mto Kongo. Kapteni Ernest Cambier alianzisha kituo cha Karema mwaka 1879. Mwaka huo huo mfalme aligharamia jaribio la ajabu: ndovu wanne wa kufugwa kutoka India waliteremshwa Msasani ili waonyeshe kama wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Wengine walifia njiani, naye hakukaa sana.

Mwaka 1882 akafika Karema luteni Émile Storms, ambaye watu walimwita Bwana Boma. Mwaka uliofuata akavuka ziwa, akajenga ngome Mpala, upande ambao leo ni Kongo. Jirani yake mwenye nguvu huko alikuwa Lusinga, chifu wa Watabwa. Lusinga naye mikono yake haikuwa safi. Alikuwa na bunduki, alivamia vijiji vya watu na kuuza mateka. Lakini kilichomkera Storms zaidi ni kwamba Lusinga hakutaka kuwa chini ya mtu. Desemba 1884 watu wa Storms, wengi wao askari wa kukodiwa kutoka Unyamwezi na pwani pamoja na rugaruga, wapiganaji wasio wa jeshi rasmi, waliuvamia mji wa Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Hapo, Mwalimu, ndipo historia yetu inapoingia pabaya: mkono ulioshika panga ulikuwa wa mtu asemaye Kiswahili, na mkubwa aliyenufaika alikuwa Mbelgiji.

Storms alikihifadhi kichwa hicho. Alipoondoka mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin kuufanya upande wa Karema uangukie Wajerumani na vituo vyote viwili kukabidhiwa Mapadri Weupe, alilibeba fuvu hadi Ubelgiji, ambako daktari wa Brussels alilipima na kuchapisha vipimo vyake ili kuthibitisha nadharia za rangi za wakati ule. Alibeba pia sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga, ile ambayo kwa Watabwa ilikuwa na maana ya mzee aliyetangulia na haki ya kutawala. Sanamu ilikaa sebuleni kwa Storms miaka mingi, imepangwa ukutani katikati ya mikuki, kama pambo. Baada ya kifo chake, katika miaka ya 1930, mjane wake aliikabidhi mikusanyo hiyo Tervuren. Sanamu bado iko huko. Fuvu lilihamishiwa taasisi ya sayansi asilia ya Brussels mwaka 1964.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, na si kitu kidogo. Makumbusho yana hazina ya vitu vya utamaduni vipatavyo 120,000, na baadhi yake vilitoka katika misafara iliyopita kwenu. Yana pia nyaraka za Storms na hifadhi kubwa ya nyaraka za Henry Morton Stanley, ambazo ndani yake pwani yetu, Tabora na Ujiji zinatajwa mara kwa mara. Na kwenye njia ya kuingilia ya leo, iliyo chini ya ardhi, utakutana na mtumbwi wa mita 22.5 uliochongwa kwa gogo moja. Umetoka Ubundu, juu ya Kisangani, na Kiswahili ndiyo lugha ya watu wa huko mpaka leo.

Kuna sehemu nyingine inayotuhusu ambayo Mswahili akiingia lazima asimame. Katika ukumbi wa duara, chini ya kuba, kuna sanamu zilizopakwa dhahabu za Arsène Matton. Moja inaonyesha Ubelgiji ikiwaletea Wakongo ustaarabu, nyingine utumwa, na mfanyabiashara wa watumwa ni Mwarabu mwenye kilemba. Kuna nyingine ya Charles Samuel ya 1897, Mkongo anamkinga mwanamke dhidi ya Mwarabu. Biashara ya watumwa ya kina Tippu Tip ilikuwa kweli, na ilikuwa ya kikatili, sitaki kuipunguza. Ila sanamu hizo hazisemi kwamba mwaka 1887 Leopold alimwajiri Tippu Tip huyo huyo kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara. Wala hazisemi chochote kuhusu Wakongo waliolazimishwa kugema mpira na waliokatwa mikono. Ziliwekwa pale ili mtazamaji atoke akiamini kwamba vita vya mfalme vilikuwa vya ukombozi.

Utauliza, kwa nini hazijaondolewa? Jengo lote limesajiliwa kuwa urithi unaolindwa na sheria, pamoja na kilichofungwa ukutani. Makumbusho yalifungwa mwishoni mwa 2013 kwa matengenezo, yakafunguliwa tena Desemba 2018, na katika muda wote huo sanamu za ukutani hazikuguswa kwa kuwa sheria hairuhusu. Wakatafuta njia nyingine. Msanii Mkongo Aimé Mpane akachonga kichwa kikubwa cha mbao cha Mwafrika, kikawekwa katikati ya ukumbi. Baadaye akaongeza cha pili kukielekea: fuvu la chifu Lusinga. Kisha yeye na Jean Pierre Müller wakatundika vitambaa vyepesi vyenye picha mbele ya sanamu za zamani, ili usiweze kuzitazama bila kutazama jibu lake.

Katika ukumbi mwingine ukuta una majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo katika miaka ya dola ya Leopold. Jina la Mkongo halikuwemo hata moja. Freddy Tsimba, msanii kutoka Kinshasa, aliandika majina ya wale saba wa 1897 juu ya vioo vya madirisha. Jua likitoka, vivuli vya majina hayo vinaanguka juu ya majina ya Wabelgiji. Nimesoma wakosoaji wanaoona ni ujanja wa kisanii wa kukwepa kazi ngumu. Mimi naona kazi ya Tsimba ni bora kuliko maelezo mengi yaliyobandikwa kwenye kuta za jengo hilo. Hoja yao nyingine, hata hivyo, siipingi: kazi ngumu yenyewe ni kurudisha vitu. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilikabidhi kwa Kongo orodha ya vitu kama 84,000. Juni mwaka huo Mfalme Philippe aliipeleka Kinshasa barakoa kubwa ya Wasuku iitwayo Kakuungu, kwa mkopo usio na kikomo. Mkopo! Sheria ya kurudisha mali ikapitishwa mwezi uliofuata. Orodha ni jambo jema, lakini mpaka sasa karatasi zimesafiri kuliko vitu.

Niongeze jambo moja ambalo walimu wa lugha wa shule yako watalipenda. Tervuren ni jina zito katika isimu ya lugha za Kibantu. Wanaisimu wa makumbusho hayo, akiwemo A. E. Meeussen, walikusanya mizizi ya maneno ya Kibantu cha kale, na wakapendekeza kwamba lugha za eneo la maziwa makuu ziwekwe kundi lake, wakaliita J, kwenye mpangilio wa herufi uliobuniwa na Mwingereza Malcolm Guthrie. Kihaya, Kiha, Kirundi, Kinyarwanda na Kiganda zimo humo. Hivyo kila mwanafunzi wa isimu anayeandika herufi J mbele ya Kiha anaitaja Tervuren bila kujua.

Na wenyeji wenyewe je? Wana mambo yao yasiyohusiana na Kongo wala mfalme. Duisburg ilikuwa sehemu ya ukanda wa zabibu, ambako wakulima walilima zabibu za mezani ndani ya mabanda ya vioo yaliyopashwa moto kwa makaa. Zabibu za bei nafuu kutoka nchi za jua na gharama ya makaa na mafuta viliua biashara hiyo, na vioo vingi vimebomolewa. Kisha kuna mbwa: yule mchungaji wa Kibelgiji mwenye manyoya marefu ya kahawia yenye ncha nyeusi anaitwa Tervuren dunia nzima, kwa heshima ya mwenye kiwanda cha bia wa mji huo, Corbeel, aliyewafuga wa mwanzo. Wapo wapenda mbwa wa Marekani wanaotamka jina hilo kila siku na hawajui kama ni mji.

Kumbukumbu za Wakongo hazikuishia 1897 pia. Maonyesho mengine makubwa yalifanyika Brussels mwaka 1958, na mamia ya Wakongo walioletwa kwa ajili hiyo walipewa malazi Tervuren, katika jengo ambalo sasa linatumiwa na makumbusho. Miaka miwili baadaye Kongo ikapata uhuru.

Mwambie mpwa wako arudi tena, safari hii na daftari. Asiende Jumatatu, makumbusho hufungwa. Akiwa Brussels apande tramu namba 44 kutoka Montgomery. Ndiyo njia iliyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya 1897, inapita katikati ya msitu, na haimalizi nusu saa. Akishuka aanze kanisani, ndani na nje, ndipo aende bustanini na mwisho ndani ya jumba. Akitaka kuziona nyaraka za Storms kwa ajili ya darasa lako, aandike barua pepe mapema kwa kitengo cha hifadhi ya nyaraka, aeleze anatafuta nini na kwa sababu gani. Atumie majina Karema na Mpala, na atazame pia tahajia za Kifaransa, Karéma na M'pala. Akiuliza habari za Katavi hatapata kitu, maana mkoa wenu ulianzishwa 2012.